Vijiti Hamsini na Tisa

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa mkasi. Nilikuwa nimetoka Ipuli kwa miguu, koti jeupe la kuazima mwilini, nikidhani nitachungulia darubini kama wasomi. Mkuu wa Maabara, mtu mrefu asiye na haraka, akanitazama vidole.

"Mkono wako unatetemeka?"

"Hautetemeki, mzee."

"Basi kaa hapa, ukate."

Ninyi vijana mnaobonyeza kitufe mkapata ramani ya jeni za ng'ombe, ya panya na ya binadamu kwa mpigo, hamtaniamini. Enzi za Ujamaa, katika maabara yetu ya mifugo kando ya barabara ya zamani ya misafara hapa Tabora, ramani tuliikata kwa mkono. Damu ya mnyama tuliilea siku tatu kwenye joto la mwili ili seli zigawanyike, tukazisimamisha kwa dawa, tukazipaka rangi na kuzipiga picha. Ndani ya seli utaona kromosomu, vijiti vidogo vinavyobeba urithi. Nilivikata kimoja kimoja, nikavipanga jozi kwa ukubwa na kuvibandika. Ng'ombe ana sitini, mbuzi sitini, kondoo hamsini na nne.

Mkuu alizilaza karatasi za wanyama hao pamoja mezani, akitafuta kipande cha huyu kinafanana na kipi cha yule. Alitaka kujua mambo magumu yanarithiwaje: maziwa, uzazi, kuhimili ugonjwa wa ndorobo.

"Haya hayatoki mahali pamoja," alizoea kusema. "Malisho yamo, maradhi yamo, na urithi umo."

Mwaka wangu wa pili, Bwana Mifugo wa wilaya alituletea damu ya dume la kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Ntalikwa. Majike walikuwa wanapandwa, kisha wanarudia joto, mimba hazishiki. Halmashauri ya kijiji ilikuwa imemwandama mchungaji, Mzee Maganga, eti analala malishoni, eti hawafikishi ng'ombe majini. Kama dume angeonekana mzima, mzee angevuliwa uchungaji.

Kwenye picha nilikuta kijiti kimoja kirefu chenye mikono miwili badala ya mmoja, na hesabu ilikuwa hamsini na tisa. Nikasema, aa, hivi ni viwili vimelaliana tu, jambo la kila siku. Nikapitisha mkasi katikati, nikapata sitini zangu. Picha ya pili ikawa vilevile. Ya tatu vilevile. Nikakata zote. Sikuwa mvivu, wanangu. Nilikuwa na kiburi cha kazi safi. Nikaandika kwamba dume hana kasoro.

Wiki iliyofuata Bwana Mifugo alitueleza kuwa Mzee Maganga amevuliwa uchungaji mbele ya mkutano, na mkewe, kwa fedheha, amerudi kwao.

Miezi minne baadaye Mkuu alikuwa akilinganisha kondoo na mbuzi, akaniita.

"Tazama, binti. Jozi hizi tatu kubwa za kondoo, kwa mbuzi ni jozi sita. Zamani huko ziliungana."

"Na kwa ng'ombe, vijiti vinaweza kuungana?"

"Vinaweza. Mnyama mwenyewe utamwona mzima, ila baadhi ya mimba zake huharibika mapema."

Nikalikumbuka dume la Ntalikwa. Ningeweza kunyamaza, gundi ilikuwa imekauka zamani na hakuna aliyeshuku. Nikamwambia yote. Hakufoka, na afadhali angefoka.

"Tutatoa damu upya," alisema. "Kijijini utasema mwenyewe."

Damu mpya ilionyesha kijiti kilekile. Nikasimama mbele ya mkutano, nikasema kosa ni langu. Mkuu akaongeza kwamba si hasara yote ilitokana na dume, ukame nao ulikuwepo, lakini mchungaji hana hatia. Mzee Maganga aliniuliza swali moja tu.

"Ulikiona hicho kijiti kabla hujakikata?"

"Nilikiona, baba. Mara tatu."

Siku hiyohiyo mzee alirudishiwa kundi lake. Mkewe hakurudi.

Tangu hapo, kila kisicholingana na kitabu nilikiandika kama nilivyokiona, hata wakubwa wakinuna. Siku ya kuagwa, nilipostaafu, wenzangu walinisifu kwa ukweli wangu, nami nikaona haya, maana ukweli huo ulichelewa miezi minne, na mtu mwingine ndiye aliyeilipia.

Kwa miaka mingi nilikutana na Mzee Maganga sokoni. Nilimwamkia, "Shikamoo, baba." Akaitikia, "Marahaba," kwa upole, wala hakusimama.