Ukuta wa Milango

Mwalimu wa sanaa huingia ofisini na harufu ya tapentaini, huuliza kama chaki za rangi zimeletwa, huambiwa bado, hushukuru na kutoka. Swafia, karani wa skuli, amemjibu hivyo kwa miaka sita. Zamani alikuwa mwanafunzi wake, na hakupata kumwona akigusa mchoro wa mtoto. Alikuwa akisimama nyuma yako, mikono mgongoni, kucha zimeingia rangi, na kusema kwa sauti ya mtu aliyekosa usingizi, "Tazama tena." Siku hizi darasa lake ni stoo ya vitabu vya hesabu, na kazi yake kubwa ni kuandika vibao: Choo cha Wasichana, Usitupe Taka Hapa.

Leo mwalimu mkuu amempa ndoo ya rangi nyeupe. Jumatatu waja wageni, na ukuta wa uani, ambao kwa miaka ishirini wanafunzi wake wameuchora milango ya Mji wa Kale, kila mmoja mlango wake na jina lake chini, wataka kupakwa upya. Hakubisha. Swafia alipompelekea chai alimkuta amefika nusu. Kabla ya kuufuta mlango alilisoma jina polepole, kama aitaye rejista, akangoja kidogo, ndipo akapaka.

"Khubaib." Akapaka.

"Yumna." Akapaka.

"Swafia."

"Nipo, mwalimu."

Hakugeuka. Brashi ilibaki hewani, rangi ikimdondokea viatuni.