Gemu Ndani ya Kochi

Mume wa dada yangu anatengeneza makochi, na pale karakanani tunamwita Springi. Jina hilo alilipata kwa mtindo wake wa kukagua kazi. Akimaliza kochi halikagui kwa macho. Analikalia, anafumba macho na kutega sikio. Springi moja ikilia vibaya huko ndani, anajua ni ya upande gani, na kochi linapinduliwa upya hata kama mteja yuko mlangoni. Mimi ndiye ninayeshona vitambaa vya kuvika makochi hayo, kwa hiyo ninayoyasimulia mengi nimeyaona mwenyewe, na mengine nimeyasikia kwa dada, ambaye hajui kunificha kitu.

Sasa, mtu huyu mwenye mvi kichwani anacheza gemu. Akitoka kazini anaoga, anakula, halafu yeye na dada wanakaa mbele ya TV kila mmoja na pedi yake ya kuchezea mkononi, wanaendesha magari ya mashindano. Dada anaendesha vizuri zaidi. Anafundisha darasa la nne, anashinda kutwa na watoto wa wenzake, lakini akishika pedi huruma yote inamtoka; anamsukumia mumewe mtaroni kisha anamwuliza kama ameumia. Nimewaona wakicheka mpaka machozi. Chumba wanachochezea ni kile kidogo cha nyuma, walichokipaka rangi ya njano miaka ya mwanzo ya ndoa, walipokuwa bado wanangoja mtoto. Walihangaika hospitali hii na ile, hawakujaliwa. Siku dada alipochoka kukiona chumba kimefungwa, walihamishia TV humo.

Mashine yenyewe ya gemu walikwenda kuinunua pamoja. Muuzaji akamwuliza shemeji mtoto ana umri gani, ili amchagulie gemu za kumfaa. Shemeji akajibu kwamba ana miaka kumi.

Tangu hapo uongo ule ukawa ndio mwendo. Jirani akiona pedi, ataambiwa ni ya mwanangu mimi, aliisahau likizo iliyopita. Na mwanangu yuko kazini na ndevu zake. Mtu akibisha hodi, sauti inazimwa kwanza, pazia linavutwa, ndipo mlango unafunguliwa. Hata mimi niliyezaliwa tumbo moja na dada nilikuwa nikisimama nje, nasikia waya zikikusanywa. Mama yetu aliwafuma mara moja tu, na hiyo moja ilitosha. Alisema nyumba haiwezi kupata mtoto ikiwa waliomo wenyewe hawajakua. Ni mama yangu na nampenda, lakini neno lile sijamsamehe.

Kinachonichoma zaidi ni hiki. Pale karakanani, chini ya bati, pana meza ya drafti. Seremala wetu wa fremu, mtu mwenye wajukuu, akishakula mchana anaketi hapo mpaka chai yake inapoa. Wanapigiana kelele, wanashutumiana kuiba kete, wananuniana hadi kesho yake. Wapita njia wanawaamkia shikamoo. Kete za mbao zinamfanya mtu awe mzee wa busara, pedi inamfanya awe mtoto. Hebu nieleweshe hapo. Kama gemu inapoteza muda, drafti inaokoa nini? Nimeliwaza sana jambo hili nikiwa kwenye cherehani yangu, na naona mtu mzima anaruhusiwa kupoteza muda, ila sharti aupoteze mbele za watu, tena akiwa amekunja uso. Akicheka chumbani na mkewe, basi huyo ana kasoro.

Mwenye karakana, ambaye tunamwita Mzee, akatangaza kwamba miguu haimruhusu tena kusimama kutwa, anatafuta msimamizi. Waliofikiriwa walikuwa wawili, Springi na seremala. Springi aliitaka nafasi ile kwa moyo wote, maana mgongo wake umechoka kuinama, na alikuwa na mambo mengi ya kazi aliyotaka kuyarekebisha. Lakini Mzee alishatuambia zamani, akimsema fundi mmoja aliyeondoka, kwamba mtu anayechezea TV hawezi kuongoza watu wazima. Kila mmoja wetu alilisikia, na Springi alikuwepo.

Basi Mzee akampa Springi kochi la sebuleni kwake alitengeneze upya, na kwa kuwa karakana ilikuwa imejaa, Springi alilifanyia kazi barazani kwake. Jumamosi moja simu ikalia: Mzee yuko njiani, anapita kuliangalia kochi na kuzungumza kidogo. Mama naye alikuwa amekuja kuwatembelea, na mama hufungua kila kabati lenye mlango. Hakukuwa na pa kuficha. Springi akaifunga mashine na pedi zake kwenye kitenge kikuukuu cha dada, akaisukumiza ndani ya kochi, akavuta kile kitambaa cheusi cha chini na kukipiga pini pande zote, tena kwa ustadi, kwa sababu mkono wake haujui kulipua kazi.

Hapo ndipo alipojimaliza. Kwetu kitambaa cheusi cha chini hupigwa mwisho kabisa. Kochi likishavaa kile, limekwisha, hakuna anayeuliza. Mzee alifika, akainama, akapapasa chini, akaridhika, na kwa kuwa alikuja na gari la mizigo na wapakiaji wawili, akasema lipakiwe. Springi angesema nini? Kwamba halijaisha, na pini amezipiga mwenyewe? Alilisindikiza kochi kwa macho mpaka gari likakata kona.

Jumatatu asubuhi tulilikuta kochi katikati ya karakana, miguu juu. Mzee alisema kuna kitu kinagonga ndani kila mkewe anapokaa, akakichana kitambaa kwa kisu mbele yetu sote. Kikaanguka kifurushi. Seremala alikifungua, akainua pedi moja juu, na watu wakaangua kicheko.

Mzee si mtu mbaya. Alimtazama Springi, akaona jasho linavyomtoka, akaamua kumsitiri.

"Bila shaka hii ni ya mtoto," alisema. "Watoto hawana mahali wasipoficha vitu."

Kicheko kikakatika. Sote tulijua kwamba Springi hana mtoto, isipokuwa Mzee, ambaye nadhani alikuwa amesahau. Nilimwomba Springi kimoyomoyo aitikie tu. Uongo wenyewe alishauzoea, na kwa kuitikia mara moja tu usimamizi ungekuwa wake. Yeye alikuwa akikitazama kitenge cha dada pale sakafuni, watu wamekikanyaga. Akainama, akakiokota, akakikung'uta na kukikunja vizuri.

"Hatukujaliwa mtoto, Mzee," alisema. "Hii ni yangu na mke wangu. Huwa tunacheza."

Mzee alikohoa, akasema haya, tufanye kazi. Wiki haikuisha tukatangaziwa kwamba msimamizi ni seremala, kwa kuwa ni mtu mzima aliyetulia. Habari ilimkuta kwenye meza ya drafti, na hakuinua uso mpaka alipomla mwenzake kete ya mwisho. Nilikasirika mpaka nikajichoma sindano.

Jioni hiyo nilikwenda kwa dada, nimejiandaa kuwapa pole na pengine kulia nao kidogo. Nilibisha hodi, nikasimama pale nje kama ilivyo kawaida, niwape nafasi ya kukusanya waya. Ndani magari yalikuwa yakinguruma, na dada alikuwa akimwuliza mumewe kama ameumia.

"Ingia, mlango uko wazi," shemeji aliniitikia, na sauti haikuzimwa.