Nilivyogawa jina la karoti za mke wangu ili nipigiwe makofi kijijini

Wakuu, habari za humu. Wanaostahili shikamoo nawapa, ingawa kwa umri wangu nadhani ni wachache.

Haya yamenitokea mwenyewe, na mwenye kosa ni mimi.

Nimeona vijana wanaotengeneza app wakibishana kuhusu brand, rangi na logo. App sijui inatengenezwaje. Brand niliwahi kuwa nayo, kule kwetu milimani Mgeta, miaka ya Ujamaa.

Nilimaliza sekondari nikarudi nyumbani kulima karoti na mke wangu, Mama Devota. Zilishuka Dar kwa lori, ndani ya matenga. Mtindo wa wakati ule, na msijifanye hamuujui, ulikuwa karoti kubwa juu, zilizo kama vidole chini.

Mama Devota hakupanga hivyo. Tenga lake lilikuwa sawa juu hadi chini. Likijaa, anafunga kipande cha kitenge cha bluu. Dalali wetu Dar, mzee Sefu, akawa anauza matenga ya bluu bila kuyafungua.

Kazi yangu ilikuwa kuyafikisha kwenye lori. Lakini dereva akaanza kuniita Bwana Bluu, nami nikaitika.

Siku moja Mama Devota akaenda Mkuyuni kumuuguza mama yake. Aliniachia neno moja: "Baba Devota, usifunge kitambaa kwenye tenga ambalo hujalimwaga chini ukaliona."

Wiki hiyohiyo kukawa na mkutano wa kijiji. Mwenyekiti akauliza, kwa upole tu, kwa nini kitambaa kiwe cha nyumba moja wakati tunajenga Ujamaa.

Lilikuwa swali zuri. Ningeweza kujibu kwamba kila mtu apange kama mke wangu, kisha afunge. Badala yake nilisimama nikatangaza kwamba kuanzia siku ile kitambaa ni cha kijiji kizima.

Nikapigiwa makofi. Nikateuliwa msimamizi.

Usimamizi wenyewe ulikuwa hivi: nakaa kwenye kigoda, jirani analeta tenga, ananisalimia kwa heshima, nafunga kitambaa. Kumwaga tenga la mtu mzima mbele ya watu niliona ni kumdhalilisha. Na zile salamu nilizipenda, nisiwafiche.

Lori la pili lilirudi na matenga yetu, yamefunguliwa. Chini vidole, nyingine zimeoza. Dereva akayapanga kando ya barabara, halafu akanipa ujumbe wa mzee Sefu: "Amesema kitambaa chako ukatilie kiraka suruali."

Kila jirani alilitambua tenga lake. Hakuna aliyelichukua.

Mama Devota aliporudi, tenga la bluu lilikuwa halinunuliki tena, hata lake. Nilimweleza huku nikiwalaumu majirani.

"Wewe uliyamwaga?"

Nikasema hapana.

Akaanza kupanda lori mwenyewe. Miezi mingi alishuka sokoni na tenga lisilo na alama, akalimwaga juu ya gunia mbele ya wanunuzi, wakaona, akapanga upya. Taratibu wakaanza kuulizia karoti za Mama Devota.

Mimi sikumwomba msamaha. Nilisubiri asahau. Nilisubiri miaka mingi.

Alipofariki, walikuja kina mama wawili wazee kutoka Dar, wateja wake wa zamani. Mmoja akaniuliza mimi ni nani. Nikasema mimi ndiye mume.

"Pole, baba," akasema. "Mkeo alikuwa mkweli. Yale matenga mabaya ya bluu, alituambia kosa lilikuwa lake."

Nikaitikia ile pole. Sikusahihisha.

Ndiyo maana naandika. Kosa lilikuwa langu.

Nilichojifunza: jina la biashara ni la yule anayemwaga tenga na kuangalia. Anayefunga kitambaa ni mpita njia tu, na mimi nilijiona mwenye mali.

Karibuni mchangie. Na kama yupo humu aliyewahi kuomba msamaha akiwa amechelewa, aniandikie alianza kwa kusema nini.