Kisima cha Nau na Balbu ya Mutheu

Wiki hii mwalimu wa sayansi alipasua betri kuukuu mbele yetu, na harufu yake kali ikanirudisha nyumbani, karibu na Kwa Vonza. Darasa zima liliuliza kile kijiti cheusi cha ndani kina kazi gani. Mimi nilinyamaza, kama kawaida yangu, lakini jibu nilikuwa nalo tangu utotoni.

Nau, yaani baba yetu, alichimba kisima kwa mikono yake, na kila siku alikisifu: maji matamu kama asali! Yalikuwa ya chumvi tupu, jamani. Lakini nani angethubutu kusema? Wageni walimeza, wakashukuru, wakakumbuka safari.

Likizo moja Nau akatangaza kwamba dada yangu Mutheu amesoma vya kutosha. "Hiyo shule inakufundisha nini ambacho mama yako hajui?"

"Nikuonyeshe, Nau. Ukiona ni upuuzi, nitabaki nyumbani."

Akaunganisha betri za tochi, waya, balbu, na vijiti viwili vyeusi alivyochomoa kwenye betri zilizokufa. Akavitumbukiza katika kikombe cha maji ya kisima. "Maji matupu hayapitishi umeme. Haitawaka."

Ikawaka, nyekundu kama kaa la moto.

Nau akacheka hadi akakohoa. "Ala! Kumbe mnafundishwa uongo!"

Mutheu angeweza kusingizia waya. Akaenda kuchota maji ya mvua kwenye pipa: giza. Akatia sukari, akakoroga: giza. Akatia chumvi, balbu ikang'aa.

"Chumvi ikiyeyuka hugawanyika vipande vidogo mno vyenye umeme. Vinaitwa ayoni, na ndivyo vinavyoupitisha. Sukari haina." Akakiweka kikombe chini. "Nau, kisima chako kina chumvi."

Mama akasema, "Mimi sijasema kitu. Ni balbu."

Nau akaonja maji ya kisima, akakunja uso kama mtu aliyedanganywa. "Na ng'ombe wanajua?"

"Wanayapenda sana," Mama akajibu.

Nau akamgeukia dada yangu. "Mwaitu, kafungashe sanduku lako la shule." Mwaitu ni kusema mama yangu; Mutheu alirithi jina la mama yake Nau, ila Nau alimwita hivyo alipokubali kushindwa tu.

Nilidhani balbu ndiyo iliyomshtua. Sasa nimekua, najua: mtu anayekunywa maji yale kila asubuhi hawezi kushtushwa na chumvi yake. Alikuwa akingoja tu mmoja wetu amwambie.