Jiwe la Mlango wa Nyuma

Mama mkwe wangu hakulia alipofika. Alishuka kwenye teksi mbele ya nyumba yetu ya Northfield, mtaa wa Birmingham, akiwa na koti jeusi na begi dogo, akanishika uso kwa mikono yote miwili, akasema neno moja la Kipolandi ambalo sikulijua na wala sikuhitaji kutafsiriwa. Kisha akaingia, akaketi bila kuvua koti, akauliza nitamzika mtoto wake wapi.

Mke wangu alikuwa amefariki wiki ile ile. Swali lenyewe aliniuliza kupitia kwa binti yangu, mwenye miaka kumi na mmoja, kwa sababu mama mkwe anajua Kipolandi na Kijerumani cha dukani, mimi najua Kiswahili na Kiingereza, na aliyekuwa akituunganisha alikuwa mochari. Tukamgeuza mtoto kuwa mkalimani wa mazishi ya mama yake mwenyewe. Jambo hilo linanichoma mpaka leo.

Ili mtu aelewe kwa nini swali lile lilikuwa zito, lazima nimpeleke kwanza kwenye mji wao.

Ni mji mdogo ukingoni kabisa mwa Poland, mahali nchi inapoishia mtoni. Mto wenyewe, Nysa, hautishi. Kiangazi mtu angeweza kuuvuka amekunja suruali magotini. Ng'ambo ni Ujerumani. Mimi nimezaliwa Taveta, mji wa Kenya ulio mpakani pia, kwa hiyo mara ya kwanza niliposimama kwenye daraja la mto huo nilijiona niko kwetu: asubuhi Wapolandi wanavuka kwenda kazini, mchana wazee wa Kijerumani wanavuka kuja kunyolewa, kununua sigara na kujaza petroli kwa bei nafuu, na kila upande unamsema mwenzake. Vichochoro vyote vinateremka kuelekea mtoni. Nyuma ya stesheni pana kilima chenye miti mirefu, ambako watu hutembeza mbwa. Kati ya mto na kilima, mji umekwisha.

Zamani ulikuwa mji mmoja wa Wajerumani, pande zote mbili za maji. Soko na kanisa kubwa vilikuwa upande wa mashariki. Vita vilipokwisha, wakubwa walikaa mezani wakaufanya mto kuwa mpaka, soko na kanisa vikaangukia Poland, na wenyeji wa upande huo wakaambiwa wavuke daraja na kile walichoweza kubeba. Kanisa lilikuwa limeungua. Nilipoliona mimi bado halikuwa na paa, na njiwa walikuwa wakiingia na kutoka kama wenye nyumba. Soko limekuwa nyasi na maegesho ya magari, lakini watu bado wanaambiana "tukutane sokoni", na wanakutana hapo hapo kwenye nyasi.

Nyumba hazikukaa tupu. Poland nayo ilikuwa imenyang'anywa ardhi mbali huko mashariki, sehemu ambayo leo ni Ukraine, na watu wa huko walipakiwa kwenye mabehewa ya mizigo pamoja na ng'ombe wao wakaletwa mtoni. Baba wa mama mkwe alikuwa mmoja wao. Alipewa nyumba ambayo sahani zilikuwa bado zimepangwa mezani. Hakuiamini. Aliona wenyewe watarudi wakati wowote, au yeye mwenyewe atarudishwa kwao. Sanduku lake la mbao alilifunga kwa kamba akaliweka chini ya dirisha, tayari kwa safari, na likakaa hapo miaka na miaka. Paa likivuja anaweka ndoo. Mti wa matunda hakupanda. Nani angeyala, aliuliza.

Mke wangu aliponisimulia habari za yule mzee, nilicheka sana. Yeye hakucheka, alinitazama tu kwa pembe ya jicho. Wakati huo tulikuwa tunakaa Ladywood, mtaa mwingine wa Birmingham, ghorofa ya juu, na dirishani tulikuwa tumetundika shuka. Pazia la nini wakati mtu unaondoka? Mimi naendesha basi, yeye alikuwa akioka mikate katika duka moja la Kings Heath, hatukukosa uwezo wa pazia. Lakini kila sentensi yangu ilianza na "tukirudi nyumbani". Nilikuwa nimejenga Taveta vyumba vitatu na veranda. Nilitangaza kwa kila aliyenisikiliza kwamba mimi sitalazwa kwenye udongo wenye baridi namna hii.

Sasa nije kwenye jiwe.

Mara ya kwanza kwenda kwao ilikuwa mwishoni mwa Oktoba, na nilikuwa nimejipanga. Kwetu mkwe hazoeani na mama mkwe wake. Nilikaa mbali, nilikula kidogo, niliinamisha macho. Jikoni kwao kuna mlango wa nyuma unaotokea bustanini, na chini ya mlango huo pana jiwe pana la kijivu, laini, kama kipandio. Niliona kila anayepita hapo ananyanyua mguu juu na kuliruka. Mama mkwe alikuwa na goti bovu, nikadhani ni goti. Mke wangu naye aliliruka, nikadhani ni mzaha wa utotoni. Nikatoka na ndoo ya maganda ya viazi, nikalikanyaga kwa kiatu kizima.

Mama mkwe aliacha kumenya viazi. Mke wangu akanivuta nje, akaniambia kwamba nimesimama juu ya mtu.

Kile kilima nyuma ya stesheni kilikuwa makaburi ya Wajerumani. Mama mkwe alipokuwa msichana, wakubwa wa mji waliamua kigeuke bustani ya kupumzikia, na mawe ya makaburi yakachukuliwa na kila aliyeyataka. Mengine yalitumika kujengea kingo za barabara, mengine mazizi ya nguruwe. Baba yake alileta moja kwa mkokoteni, kipande kizuri, akalilaza mlango wa nyuma, maandishi yakitazama chini. Msichana aliyaona maandishi kabla hayajafunikwa, ila yalikuwa Kijerumani cha zamani, hakuweza kuyasoma. Tangu siku ile hakulikanyaga. Alipoolewa na kuirithi nyumba, ikawa sheria ya nyumba. Niliuliza kwa nini wasiligeuze wamjue ni nani. Mama mkwe akajibu, mke wangu akitafsiri: tukishamjua, tutamrudisha wapi? Kule juu sasa kuna mbwa.

Tarehe moja Novemba Wapolandi wote huenda makaburini na mishumaa iliyo ndani ya glasi. Mimi nimelelewa katika kanisa la walokole, ambako mshumaa ni wa stima ikipotea, na wafu hatuwawashii taa. Nikasimama pembeni nimekunja mikono kama askari wa zamu. Lakini tuliporudi nyumbani, mama mkwe alipiga magoti na goti lake bovu, akaliosha lile jiwe kwa maji ya moto na sabuni, akaliwekea mshumaa wake. Hakuwa akisali. Alikuwa akizungumza nalo, kwa sauti ya mtu anayemsemesha jirani. Mke wangu alinieleza anachosema. Anamwambia, wewe huna mtu, basi mimi hapa.

Mikono yangu ilikunjuka yenyewe.

Tulipopata nyumba Northfield, mlango wa nyuma ulikuwa na kipandio cha saruji. Chini yake hakuna mtu, najua, kwa sababu nilikikarabati mwenyewe. Lakini mke wangu alikiruka kila siku akienda kuanika nguo. Binti yetu alijifunza kutembea hapo, akawa naye anakiruka. Niliwatania kwamba ninaishi na mbuni wawili. Mazoea yakanishika na mimi.

Halafu akaugua. Sitaki kuueleza ugonjwa wenyewe. Nitasema tu kwamba siku moja hospitalini, akili ikiwa bado yake, aliniambia: "Mnizike mahali ambapo mtoto anaweza kuja kwa basi, peke yake, siku akinikasirikia." Sikubisha. Nilimwambia ndiyo, nikijua kabisa kwamba ndiyo ile ina wenyewe wengine.

Wenyewe hawakukawia. Wakenya wa Birmingham walijaa sebuleni kila jioni kwa maombi, chai na mandazi, na kila aliyenipa pole aliuliza safari ni lini, maana mke huzikwa kwa mumewe na mimi kwetu ni Taveta. Kaka yangu mkubwa alikuwa ameshafyeka pahali. "Mlete mke wetu nyumbani," aliniambia kwenye simu. "Tumemtengea karibu na baba. Na wewe mwenyewe nafasi yako iko hapo hapo kando, wajua." Nilijua. Niliijua nafasi ile tangu baba alipozikwa.

Na sasa mama mkwe alikuwa kwenye kochi langu, na koti lake. Nilimwambia nitamzika hapa Birmingham, kama alivyotaka mwenyewe. Binti yangu akatafsiri. Mama mkwe akatikisa kichwa, akaanza kusema polepole, akimpa mtoto nafasi ya kutafsiri kila kipande.

Alisema hana ubaya na mji huu. Alisema mji wao ni mdogo na mbaya, hauna hata soko, lakini katika makaburi yao kila kaburi lina mtu wa kuliwashia mshumaa. Alisema, "Mkwe wangu, kila mwaka unarudi kwenu. Mwaka huu bado, mwaka ujao. Iko siku utarudi kweli. Mtoto atakua, atafuata maisha yake. Mwanangu atabaki na nani?" Binti yangu alitafsiri hayo akitazama zulia. Kisha bibi yake akasema jambo jingine, fupi, na mtoto akanyamaza.

"Anasema nini?" nikauliza.

"I don't want to say it, Dad."

Nikamwambia asiseme. Akasema. Bibi alikuwa amesema kwamba jiwe la mtu asiye na mtu anajua linakoishia, maana amelifagia maisha yake yote. Hataki mama awe kipandio cha jiko la mtu.

Hasira ilinipanda nikasikia masikio yanawaka. Kunisema hivyo, nyumbani kwangu, kwa mdomo wa mwanangu! Nilinyanyuka bila adabu yoyote nikapita jikoni nikatoka nje kupata hewa. Mlangoni mguu wangu ukanyanyuka wenyewe ukaruka saruji. Nikabaki nimesimama kwenye nyasi. Nguo alizoanika mke wangu mara ya mwisho zilikuwa zimeshaanuliwa zamani, ila vibanio vyake vilikuwa bado kwenye kamba. Hapo nililia, nikamlilia yeye, na nikajililia mwenyewe pia, kwa sababu niliona kwamba yule mama ananiuliza swali la haki. Nimemwahidi mke wangu kaburi hapa, na mimi mwenyewe sanduku langu liko chini ya dirisha, limefungwa kwa kamba.

Asubuhi ile kijana wa kampuni ya mazishi alikuwa ameniuliza kama nataka kaburi la mtu mmoja au la wawili. Huku huchimba refu, mmoja akatangulia chini, mwingine akaja kulala juu yake baadaye. Nilikuwa nimemjibu haraka, la mmoja. Kwetu kumlaza mtu juu ya mtu ni jambo ambalo hata kulitamka huwezi.

Nikarudi ndani. Nikapiga magoti mbele ya mama mkwe, jambo ambalo kwetu pia halifanyiki, nikamwambia binti yangu atafsiri neno kwa neno. "Mwambie nyanya yako kaburi litakuwa la watu wawili. Mama chini. Mimi juu."

Mtoto hakutafsiri. Alinitazama. Tangu azaliwe alikuwa amesikia "tukirudi nyumbani", na nadhani ndiyo siku niliyojua alivyokuwa akiisikia.

"You're not going back?" akauliza. "Like, never?"

"Kutembea nitaenda," nikamwambia. "Kukaa, nakaa hapa. Na nikifa, nalala hapa."

"Forever?"

"Ndiyo, mama."

Akamgeukia bibi yake akatafsiri. Ilikuwa ndefu kuliko nilivyosema, na sijawahi kumuuliza aliongeza nini. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, akalivua, akampa mtoto alitundike.

"Basi ana mtu," alisema.

Tulimzika Birmingham. Basi linasimama mbele ya lango la makaburi, na binti yangu ameshakwenda peke yake, siku aliyomkasirikia mama yake kwa kufa. Alirudi macho yamevimba, akala wali sahani mbili. Mama mkwe yuko mjini kwake, na kila tarehe moja Novemba anatupigia simu kutoka mlango wa nyuma, mshumaa wake ukiwaka juu ya jiwe, na wetu ukiwaka juu ya kaburi. Ndiyo, nawasha. Mchungaji wangu ana habari.

Lakini iliyobaki kwangu zaidi ni ile simu ya kwenda Taveta, jioni ya siku ile. Nilimweleza kaka yangu kila kitu, pamoja na kuchimba refu. Nilitegemea anitukane, na ningeshukuru angenitukana.

"Kwa hiyo pahali pako hapa," alisema, "kando ya baba. Tupaacheje?"

Shamba letu ni la ndizi, lote, isipokuwa pale walipolala watu.

"Pandeni migomba," nikamwambia.

Alivuta pumzi. Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimeisikia tangu tukiwa watoto, kama nataka wapande ya kupika au ya kuiva.