Tulivyomhama Mzee Dale Kimyakimya

Nakumbuka vizuri siku ile, mwanangu, kuliko ninavyokumbuka siku niliyopata uraia. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa duka moja kule Richardson, Texas, funguo za gari mkononi, na mzee wa Kizungu ananiuliza swali jepesi kabisa. Nikamjibu kwa adabu. Adabu ile ndiyo iliyomponza.

Usizitazame mvi zangu ukadhani nasimulia habari za enzi ya mkoloni. Ni juzi tu, mwaka elfu mbili na kumi na tisa. Nilishavuka hamsini, ndiyo, lakini mtu akihamia nchi ya watu anaanza utoto upya, na makosa yake yanakuwa ya kitoto. Mimi nilikuwa nahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee kule Garland, nikisifiwa kila mahali kwamba Mama Mkunde ana maneno mazuri. Watu wenye maneno mazuri, mwanangu, waogope kidogo.

Mimi ni Mchaga wa Kibosho, na kwetu kuposa bila mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ni mkutano tu. Ndizi mbivu Texas zimejaa. Ulezi wauzaji wa Kihindi wanao. Magome ya msesewe, ya kuitia uchungu kidogo, tunaletewa kwenye masanduku na wanaotoka likizo. Shida ni kimea. Ulezi uuloweke, uote, uuanike, ukauke vizuri, ndipo uusage. Nilijaribu kuanika kwenye baraza la fleti yangu, ghorofa ya pili, wakaja ndege wa Garland nzima. Ofisi ya fleti ikanibandikia barua mlangoni kwamba baraza si mahali pa kufugia ndege. Nilicheka, lakini kimea sikupata.

Ndipo mwenzangu mmoja kazini akanielekeza kwa Mzee Dale. Ilikuwa mwaka elfu mbili na kumi na saba. Duka lake lilikuwa katikati ya dobi na fundi wa matairi, anauza vifaa vya watu wanaopika pombe nyumbani: ndoo, mipira, hamira, magunia ya kimea cha shayiri. Alikuwa mrefu, mkavu, masikio makubwa, miwani ameining'iniza shingoni kwa kamba ya kiatu. Nikamwambia nataka kimea cha ulezi. Hakuwahi kukisikia. Mwingine angesema hatuna, basi. Yeye akavuta kiti, akasema, "Kaa hapo, Mama. Nifundishe."

Alijifunza kuniita Mama, ingawa alinizidi miaka kumi na zaidi. Kimea cha kwanza kiliota ukungu. Cha pili kilinuka. Cha tatu nilikitia mdomoni, nikatafuna, nikasikia utamu wa nyumbani kwa mama yangu, nikalia palepale katikati ya ndoo. Yeye akajifanya anatafuta kitu chini ya meza mpaka nikamaliza.

Tangu hapo Mzee Dale akawa mtu wetu. Wachaga wa Garland, wa Arlington, wa Fort Worth, mpaka wa Houston, kila mwenye harusi au msiba alipita kwake. Wakenya wawili watatu wanaopika muratina, pombe ya kwao, nao wakajitokeza. Mwaka uliofuata akaniuliza kama anunue mashine ya kuoteshea ulezi, pipa kubwa linalojizungusha lenyewe, maana kuotesha kwa sinia kulikuwa hakutoshi tena. "Mtakuwepo?" akaniuliza. Nikamwambia, "Mzee Dale, sisi tuko pamoja." Nikamtafsiria kwa Kiingereza, neno kwa neno. Lilimpendeza sana. Akauza boti yake ya kuvulia samaki ziwani, akanunua pipa.

Sasa sikiliza tulivyofanya.

Oktoba ya mwaka elfu mbili na kumi na tisa tulikuwa na kikao cha umoja wetu kule Katy, karibu na Houston, nyumbani kwa Elibariki. Huyu alikuwa mwenyekiti wetu, mhandisi, nyumba kubwa mpya, kaka yangu wa ukoo. Baba yake Mkunde alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo Elibariki ndiye angekaa kiti cha baba siku ya mahari ya binti yangu huyo. Hilo lishike, maana ndilo lililonifunga mdomo.

Elibariki alisimama na gunia la unga wa kimea limefungwa kwa nailoni. "Jamani, hii dunia ya leo. Una-order kwenye simu, keshokutwa mzigo uko mlangoni, umeshasagwa. Kwa nini mtu wa Houston a-drive masaa manne kwenda Richardson? Na yule mzee wenu siku hizi anachelewesha. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji."

Watu wakacheka. Tena niseme ukweli, kwa watu wa Houston alikuwa na hoja, siwalaumu. Halafu mmoja akauliza, "Na yule mzee je?" Wote wakanigeukia mimi. Mimi ndiye niliyemjua. Mimi ndiye niliyejua habari ya boti. Nikamtazama Elibariki, nikaiona mahari ya Mkunde, nikasema, "Ninyi mnaonaje?" Basi, ikapita. Hata kura haikupigwa.

Wiki mbili baadaye nilipita dukani kununua mpira wa kunyonyea pombe, kitu kidogo tu, nadhani nilitaka kujitakasa. Nikiwa naondoka, Mzee Dale akanifuata mpaka mlangoni. Akaniambia mwenye jengo anataka asaini mkataba mpya, wa miaka mitatu. Wateja wake wa shayiri siku hizi wananunua kwa kompyuta. "Ninyi ndio mnanishikilia, Mama. Naona kama mmepungua. Mwakani mpo?"

Nikasema, "Tupo, Mzee Dale. Tuko pamoja."

Mwanangu, wewe unajua tulivyo. Kwetu hatumpi mtu habari mbaya amesimama mlangoni mwake. Tunasema tutaona, tupo, Mungu akipenda. Mwenyeji wa kwetu angesikia ubaridi ndani ya hiyo "tupo", angehesabu wiki ambazo hajatuona, angetikisa kichwa na kuelewa kwamba ameachwa. Tumelelewa hivyo, kukataa bila kukataa. Mzee Dale hakulelewa hivyo. Yeye alisikia ndiyo. Akanishukuru, akanifungulia mlango wa gari.

Februari ikakaribia, zimebaki siku nane kabla ya mahari. Nikapika mbege kwa gunia la Elibariki. Ikatoka nyepesi, chachu, rangi ya maji ya kuoshea sufuria. Nikaongeza ndizi, wapi. Nikaongeza msesewe, ikawa chungu tupu. Wakwe wanatoka Moshi kwa ndege, wazee watupu, wanakuja kunywa nini?

Fadhila ya punda unaijua. Nilitia mbege ile kwenye chupa, nikachota na unga kidogo kwenye mfuko, nikaenda kwa Mzee Dale, nikamweleza habari ya mahari.

Alinusa. Akaonja, akatema taratibu kwenye karatasi. Akavaa miwani, akatafuna ule unga. "Huu si ulezi, Mama. Hii ni nafaka nyingine, punje zake wanalisha ndege. Haina nguvu ya kutosha." Halafu akauliza umetoka wapi. Nikamwambia. Akauliza tangu lini tunanunua huko. Sikuwa tena na pa kujificha. Nikasema, "Tangu mwezi wa kumi."

Akavua miwani, akaifuta kwa shati, na miwani yenyewe haikuwa na uchafu. "Mimi nilisaini Novemba," akasema.

Nikaanza kusema pole, nikaanza kumtaja Elibariki, watu wa Houston, umbali. Akanikatiza kwa upole. "Mama, kila mtu anunue anapotaka. Ni haki yenu. Sikukuuliza ili ununue. Nilikuuliza ili nijue." Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Akaingia ndani, akatoka na kimea cha ulezi chote kilichobaki. Akakibeba mwenyewe, akakiweka kwenye kiti cha gari langu, akasema ni zawadi ya binti.

Mbege ikatoka, mwanangu, ikatoka kweli. Wakwe wakanywa, mzee wao mmoja akasema tangu avuke bahari hajaamini kwamba Amerika kuna mbege, na sasa ameamini. Akauliza kimea mmepata wapi. Elibariki akajibu haraka, kwenye kiti cha baba, "Siku hizi tuna-order tu, Mzee. Mambo ya kisasa." Mimi nilikuwa nimesimama pembeni ya pipa la mbege, kata mkononi, nawamiminia watu. Ningeweza kusema. Nikainamisha kichwa, nikaendelea kumimina.

Palepale nikamkumbuka mama yangu. Mama alikuwa anauza mbege Kibosho, na siku pombe imeiva alichomeka jani la mgomba kwenye kijiti pale njiani, watu wajue. Ikiisha, mimi ndiye wa kwenda kuling'oa. Siku moja nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nikanogewa na kucheza rede, nikalisahau. Mzee mmoja wa ng'ambo ya mto akaliona jani lile kwa mbali, akapanda mlima wote ule na fimbo yake na goti lake bovu, akafika, pombe hamna. Mama hakunichapa. Aliniambia nimshike mzee mkono nimrudishe mpaka kwake, na tulipotoka akaniambia, "Pombe kuisha si kosa, hata mimi inaniishia. Umemwacha mtu mzima apande mlima kwa jani lako." Nililia njia nzima, kwenda na kurudi. Sasa niambie, jambo nililolielewa nikiwa na miaka kumi na mmoja, nililisahauje nikiwa mama mkwe?

Machi ikaja corona, miji ikafungwa, na kufikia Juni duka la Mzee Dale lilikuwa na karatasi kwenye vioo. Watu wetu wakasema, maskini, corona imemmaliza. Niliwaacha waseme. Lakini angekuwa hajasaini mkataba ule, angefunga Novemba kwa amani, na boti nyingine pengine angepata. Alibaki kwa ajili ya neno langu.

Mwaka huohuo, kwenye mwezi wa tisa, niliingia duka moja kubwa la vifaa vya ujenzi kutafuta balbu. Nikamwona mtu mrefu amevaa aproni ya wafanyakazi, barakoa usoni, miwani imening'inia kwa kamba ya kiatu. Nikageuka niondoke. Ndiyo, nilitaka kukimbia, nakuambia ukweli. Akaniita, "Mama."

Akanisogelea mpaka umbali waliokuwa wanaruhusu kwa ajili ya corona. Na unajua aliniuliza nini? Hakuuliza kwa nini. Aliniuliza, "Mbege ya binti ilikubali?"

Miezi saba ilikuwa imepita. Nilikuwa nimechukua kimea chake cha mwisho, nimekipika, nimewanywesha wageni, na sikuwahi hata kumpigia simu kumwambia kimekubali. Sikumpelekea hata kikombe. Alifungasha ndoo zake na pipa lake bila kujua kama kimea chake cha mwisho kilitoka au hakikutoka. Nikamjibu ilikubali, wazee wote waliisifu. Macho yake yakacheka juu ya barakoa, kicheko cha kweli, akasema anafurahi. Kisha akaniuliza natafuta nini, akanisindikiza mpaka kwenye balbu. Nilikaa kwenye gari nikalia mpaka kioo kikaingia ukungu. Afadhali angenitukana, mwanangu. Ningerudi nyumbani tumelipizana.

Basi nisikilize, maana maneno haya yamenigharimu heshima yangu mwenyewe. Sikuambii ununue kwa mtu mmoja mpaka kufa. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, lakini kuna siku mbachao umechakaa kweli, au uko mbali, au mfuko hauruhusu. Una haki ya kuondoka. Ila ukiamua kubaki na mtu, baki kwa miguu yako, ingia dukani kwake, usimwachie maneno. Na ukiamua kuondoka, nenda ukamwambie mwenyewe, mapema, uso kwa uso, hata mate yakikukauka. Usimwache asaini karatasi kwa tabasamu lako. Ukishaondoka, usirudi kuchota ujuzi wake kama vile bado uko naye. Na ikitokea umerudi, kwa kuwa sisi ni binadamu na shida haina aibu, mtu akakusaidia, basi mrudishie jibu. Mwambie ilikubali. Mtaje mbele za watu kwa jina lake, hata kama aliyekaa kiti cha baba atanuna.

Elibariki mpaka leo ni kaka yangu. Hajui kwamba namsimulia.

Mungu akupe, mwanangu, ulimi mzito wa kuahidi na miguu myepesi ya kwenda kuomba radhi, na siku ukienda kumwomba mtu, umkute bado yupo dukani kwake.