Magunia Yasiyo na Kitambaa

Raudha Shomari alizaliwa Masaki ya Kisarawe, ile ya mihogo na mikorosho. Hulazimika kulieleza hilo kila anapojaza fomu, kwa kuwa watu huwaza ile Masaki ya Dar yenye mabwawa ya kuogelea. Sasa ni fundi mtandao wa kituo cha afya cha binafsi Kibaha. Siku hiyo miezi yake mitatu ya majaribio ilikuwa inaisha.

Wiki hiyo aliugawa mtandao wa kituo: maabara na madaktari upande mmoja, kamera za ulinzi upande mwingine. Swichi, yaani visanduku vinavyounganisha mashine za mtandao, zilikuwa mbili, ya chini kwa maabara na ya juu kwa madaktari, zimeunganishwa kwa waya mmoja. Mgawanyo ulipendeza, ila majibu ya maabara hayakumfikia daktari.

"Mwanangu, umeugawa mtandao au umeufukuza?" aliuliza Dokta Justa, akishuka ngazi mara ya nne kufuata karatasi.

Msimamizi, Mzee Gregori, hakutania. "Saa saba uwe umerudisha kama ulivyokuta. La sivyo, Jumatatu usijisumbue."

"Sirudishi, mzee. Narekebisha."

"Nimesema saa saba."

"Nimeisikia, mzee."

Raudha alipanda juu, akaketi sakafuni, kompyuta mapajani, akafungua orodha ya swichi ya juu inayoonyesha kila mashine iko upande gani. Mashine ya maabara ilikuwamo, hai kabisa, imetulia upande wa kamera.

Hapo akamkumbuka baba yake. Mzee huyo alikuwa akiwapelekea majirani mkaa wao mjini kuuzwa, kwa pikipiki, kila gunia na kitambaa cha rangi ya mwenyewe. Lisilo na kitambaa lilikuwa lake. Nani ajiwekee alama? Kumbe Mwanne, mpokeaji mpya kule mjini, alijua lisilo na kitambaa ni la Isihaka muuza chipsi. Isihaka alikaanga kwa mkaa wa bure mwezi mzima, akimshukuru Mungu.

Swichi nazo ndivyo zilivyo. Kwenye waya wa pamoja kila kifurushi cha data huvishwa lebo yenye namba ya upande wake, ila upande mmoja huruhusiwa kupita bila lebo. Swichi ya chini ilijua kisicho na lebo ni cha maabara. Ya juu ilijua ni cha kamera. Aliyezifundisha zote mbili, kwa siku mbili tofauti, ni Raudha mwenyewe.

Baba hakugombana na mtu. Alichana kanga kuukuu ya mama, akayafunga vitambaa na magunia yake pia.

Raudha akapanga swichi ya juu: kila kitu kipite na lebo, kisicho nayo kikataliwe. Akashuka ngazi mbio, akaipanga na ya chini vivyo hivyo.

Saa saba kasoro dakika sita, sauti ya Dokta Justa ikatoka juu: "Yamekuja! Na mimi nilikuwa nimeanza kupungua kwa hizi ngazi!"

Mzee Gregori alitazama saa yake, kisha akamtazama Raudha.

"Jumatatu uwahi," alisema.